Kigingi Kisicho na Kisiki

Kidole cha Mpima kilikuwa kimesimama juu ya kitanda.

Tulia, msomaji, si kitanda chenyewe. Ni kitanda cha kwenye ramani. Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mnakumbuka jinsi mstari mwekundu ulivyoanzia kwenye jiwe la barabarani, ukateremka, ukatoboa ukuta wa jiko la Mkunga, na kidole kikagota chumbani kwake. Na wewe uliyechelewa, vuta kiti, hujapitwa na makubwa. Mjane mmoja, nyumba moja kando ya bwawa, na jirani mwenye boti sita na gesti ya ghorofa, anayeitaka ardhi yake. Basi.

"Kitanda changu kipo huku au kule?" Mkunga aliuliza.

"Kimegawanyika, mama," alijibu Mpima. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa inauma zaidi. "Kichwani pako kwako. Miguuni pako kwa jirani."

Jirani mwenyewe, Bwana Kasi, alikuwa amejitupa kwenye kochi la wenyewe, mguu juu ya mguu. Akacheka.

"Basi uwe unalala umejikunja, dada."

Jamani! Kuna watu wana midomo.

Mkunga hakucheka. Nyumba ile yeye na marehemu mumewe waliijenga chumba kimoja kimoja, leo tofali, mwakani bati. Miaka thelathini aliwazalisha wanawake wa ng'ambo zote mbili, akivuka na mashua yake bapa, mfuko wa kazi mapajani. Mpima akitia sahihi leo, kesho asubuhi mafundi wa Bwana Kasi wangekuja na nyundo. Jiko chini. Chumba cha kulala chini. Pahala pake ingepita njia ya kushushia boti.

Na yote hayo kwa sababu ya neno moja kwenye hati. Hati yake ya kiwanja iliandikwa hivi: "Mpaka utatoka jiwe la barabarani hadi majini."

Majini wapi? Hakuna aliyeandika. Bwawa lile lilitengenezwa na watu, bonde lilizibwa upande mmoja, likajaa. Ni pana kweli, lakini kina chake ni cha kiuno. Likipungua kidogo, maji yanakimbia hatua mia moja, na ufukwe wa jana unageuka matope. Likijaa, yanabisha hodi mlangoni. Kwa hiyo Mpima alitafuta alama iliyosimama majini ili asifuate ufukwe unaotembea. Akaiona moja, mbele ya nyumba ya Mkunga. Kigingi chenye kitambaa chekundu.

"Lakini kile ni kigingi cha kisiki!"

Aliyeropoka ni Mkwe. Alimwoa binti mkubwa wa Mkunga, wanaishi ng'ambo, na yeye ndiye nahodha wa boti ya abiria na katibu wa chama cha wenye boti. Kijana wa watu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake kwa heshima tangu asubuhi, mikono nyuma. Sasa mikono ilikuwa hewani.

"Kaka Mpima, wewe ni mgeni wa maji haya. Bonde lilipozibwa, miti ilikatwa harakaharaka, visiki vikabaki chini. Boti ikigonga kisiki, injini kwaheri. Ndiyo maana mtu akikigundua anasimamisha kigingi, anafunga kitambaa chekundu, wenzake wanazunguka. Hicho si cha mpaka. Ni cha kuokoa injini!"

Mpima hakubisha. Alifungua kijitabu chake cha kanuni, akalamba kidole, akapekua.

"Kweli. Alama za kisiki hazihesabiwi. Lakini alama nyingine yoyote iliyosimama majini mwaka mzima bila jirani kupinga, hiyo ni mpaka." Akafunga kijitabu. "Rahisi tu. Twendeni tukapapase chini ya kigingi. Kisiki kipo, nafuta mstari. Hakuna, natia sahihi."

"Kipo!" alisema Mkwe, na kifua kikajaa. "Katika bwawa hili hakuna kigingi cha uongo. Nasema mbele ya wote: kile kikikosa kisiki, nifungiwe maji mimi!"

Mkunga akapaliwa na chai.

Usidhani ni kufungiwa bomba, msomaji. Kwa wenye boti, kufungiwa maji ni kifo cha mtu aliye hai. Anayesimamisha kigingi cha uongo, au anayekiapia kwa uongo, mashua yake inavutwa nchi kavu, inapinduliwa tumbo juu, na mtu huyo hakanyagi tena chombo chochote bwawani hadi siku ya kuzikwa. Sheria yao haina rufaa. Watu wanaoendesha boti juu ya visiki wanaishi kwa kuaminiana.

"Mama, pole," Mkwe alimpigapiga mgongoni. "Umeona ulivyofurahi mpaka chai inakupalia."

Kufurahi! Mkunga alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kwa sababu, na hili nawaambia ninyi tu, katika dunia nzima mtu mmoja ndiye aliyejua chini ya kile kigingi kuna nini. Kuna matope. Matope matupu. Mtu huyo ndiye aliyekisimamisha, peke yake, asubuhi moja wenye boti wote walipokwenda mnadani.

Alikuwa ni yeye.

* * *

"Nakwenda kuangalia jiko," alisema, akaondoka kabla hajaulizwa jiko lina nini.

Jiko halikuwa na kitu. Alifungua sufuria, akalifunika. Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Miguu haikutaka kutulia. Hatua nne mpaka dirishani, hatua nne kurudi. Pale dirishani alikiona kigingi chake kimesimama majini, kitambaa kinapepea, hakina habari.

Mkwe akaingia.

"Mama, vipi? Umebadilika rangi."

"Mkwe wangu, hebu nikuulize." Alijitia kufuta sinia kavu. "Kisiki kinaweza kuoza? Kikaisha kabisa?"

"Visiki vya humu?" Mkwe alitabasamu. "Haviozi, mama. Kitu kikikaa majini hewa haikipati. Ni vigumu kuliko siku ile vilipokatwa."

"Hata kuondoka haviondoki? Kikasogea, kikaenda kwingine?"

"Kisiki, mama? Kitembee?"

"Nauliza tu!"

Mkwe akainama kidogo, kama mtu anavyoongea na mama mkwe anayemheshimu. "Ndugu zangu wote wa boti wanajua mimi siapi hovyo. Wewe tulia. Leo utalala kitandani kwako, miguu imenyooka."

Mkunga alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi: mwanangu, futa kile kiapo, mama yako ni mwongo. Mlangoni ikasikika sauti ya Bwana Kasi.

"Tunakwenda au tunapika?"

Akaufunga mdomo. Wangapi kati yetu wangeufungua? Mimi nisingeufungua.

* * *

Walipanda mashua ya Mwenyekiti wa chama cha wenye boti, maana haina injini ya kugonga kisiki. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mkavu, sikio moja zima na moja bovu, na hakuwahi kutumia chombo kingine ila upondo. Anauchomeka kwenye matope, anajisukuma, mashua inateleza. Hakusalimia mtu. Alipomwona Mkunga tu ndipo akatikisa kichwa kidogo.

Bwana Kasi, ambaye jina lake alilipata kwa boti zake zinazoruka, alilazimika kwenda polepole kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ilimuuma kweli.

"Tungekwenda na boti yangu tungeshafika, tumerudi, tumevunja na ukuta."

"Na boti yako tungekuwa tumenasa," alisema Mwenyekiti.

Hatua arobaini tu toka ufukweni. Mkunga alizihesabu kwa moyo. Upondo ukiingia matopeni, moyo ukishuka nao. Thelathini. Ishirini. Maji ya shingo haya! Ingawa ukisema kweli, yalikuwa ya kiuno.

Kumi na tano.

Akasimama.

"Mama, kaa!" alipiga kelele Mkwe. "Mashua itapinduka!"

"Naona kizunguzungu," alisema Mkunga, akajirusha majini.

Naam, alijirusha! Alikuwa na mpango: azame kidogo, wamwokoe, wamrudishe nyumbani, shughuli iahirishwe hadi wiki ijayo, na katika wiki moja mtu anaweza kufukia kisiki cha kuazima. Mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja, bwawa lenyewe. Mkunga aliibuka, akasimama kwa miguu yake miwili, maji yakamwishia kwenye mkanda wa gauni. Kizunguzungu hakikuonekana kokote.

Bwana Kasi akapasuka.

"Mkunga amerudi kwao! Jamani, mkunga ni samaki, mwacheni aogelee!"

Hata Mpima alijificha nyuma ya ramani akicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama Mkunga kwa muda, akakitazama kigingi, akamtazama tena.

"Panda," alisema taratibu.

"Natembea," alijibu Mkunga, na hasira ya aibu ikampanda. Akaburuza gauni majini, akawatangulia wote, akafika wa kwanza.

* * *

Mkwe alichukua upondo, akaushusha kwa madaha pembeni ya kigingi, akisubiri ule mlio anaoujua, ko!

Ukaingia laini.

Akauchomoa, akashusha upande wa pili. Laini. Wa tatu. Laini. Tabasamu likaanza kumtoka usoni, kidogokidogo. Akaruka majini na suruali yake ya heshima, akapapasa kwa miguu akizunguka kigingi, mara ya kwanza, mara ya pili. Wale waliokuwa kwenye mashua wakaona mabega yake yanashuka.

"Vipi?" Bwana Kasi alinyoosha shingo. "Kisiki kimetoka kwenda chai?"

Mkwe alikishika kigingi ili asianguke, na mkono wake ukakamata kile kitambaa chekundu. Akakiangalia. Akakikunjua. Kilikuwa kimepauka kwa jua, lakini ua la uzi mweupe lilikuwa bado linaonekana pembeni. Ua lenye petali saba, moja fupi kuliko zingine. Mkewe aliwahi kumwonyesha mto wenye ua kama hilo, akamwambia alilidarizi akiwa shule ya msingi, uzi ukamwishia njiani.

Ilikuwa ni foronya ya nyumbani kwa mama mkwe wake.

Akainua macho. Macho yao yakakutana. Mkunga alitamani bwawa liwe na kina, walau leo tu, limmeze. Katika miaka yote ya ukwe wao kijana huyu hakuwahi kumwangalia machoni namna ile, si kwa hasira, ni kwa kuumia. Na Mkunga akajua kwamba amejua.

Mkwe akageukia mashua.

"Kipo," alisema.

"Nini?" Mpima aliinuka.

"Kisiki. Kipo. Kimeegemea upande huu, ndiyo maana upondo ulikikosa. Nakikanyaga hapa. Kikubwa."

Lo!

Mpima alitoa kalamu. Mkunga alisimama kama mti, maji yanamchuruzika, na kitu kama furaha kikampitia tumboni. Nyumba imepona! Jiko limepona! Hakuna anachotakiwa kufanya ila kunyamaza, na kunyamaza ni kazi ndogo.

Lakini Bwana Kasi hakupata boti sita kwa ujinga. Alikuwa anavua viatu.

"Ngoja na mimi nikikanyage hicho kisiki," alisema. "Nina hamu nacho."

Akakunja suruali. Soksi moja. Soksi ya pili. Mkwe aliganda pale pale, mguu juu ya kisiki kisichokuwepo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona boti yake inapinduliwa tumbo juu. Kigingi cha uongo, kiapo cha uongo, na sasa ushahidi wa uongo. Mambo matatu, na watoto wawili nyumbani wanaokula kwa boti ile ile.

Bwana Kasi alipitisha mguu nje ya mashua.

"Rudisha mguu wako!" Mkunga alipaza sauti. "Hakuna kisiki. Hakijawahi kuwepo. Hiki kigingi ni changu, nilikisimamisha mimi kwa mikono yangu, na huyu kijana hajui lolote. Amesema vile kwa kunionea huruma. Kama kuna wa kufungiwa maji, nifungiwe mimi!"

Alisema yote kwa pumzi moja. Alipomaliza alikuwa anatetemeka, na nitakuwa mwongo nikisema ni baridi. Ilikuwa aibu. Watu wazima walimpa watoto wao mkononi kabla hata baba zao hawajawaona, na leo anasimama majini na foronya kama mwizi wa nguo za kambani. Lakini kifuani alijisikia mwepesi.

"Kwa nini ulikiweka, mama?" Mpima aliuliza.

"Kwa sababu ya huyo hapo. Boti zake zilikuwa zinapita mlangoni kwangu kama zimeibiwa, matope yanaingia mpaka jikoni. Nilimwomba mara tatu. Mara ya nne sikumwomba."

"Lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

Mpima alihesabu kwa vidole. "Mwaka na miezi mitatu. Na jirani hukupinga?"

"Mimi?" Bwana Kasi alikuwa ameshaelewa, na uso wake uling'aa. "Nipinge? Nilikiheshimu! Madereva wangu wote wanakizunguka mpaka leo!"

"Basi ni mpaka," alisema Mpima kwa huzuni. "Mama, kama ungekuwa na kisiki ningekufutia. Kanuni haiulizi alama imewekwa na nani, wala kwa nini. Imesimama mwaka, haikupingwa. Pole sana."

Mkunga aliona maji yanazunguka. Amesema kweli, na kweli imembomolea nyumba! Bwana Kasi alishatoa simu, anampigia fundi wake. "Ndiyo, kesho saa moja. Njoo na nyundo kubwa. Anza na jiko."

Mkwe akaja kumshika mkono mama mkwe wake. Wakasimama wawili wao majini.

* * *

"Samahani," ilisema sauti toka nyuma ya mashua.

Wote walikuwa wamemsahau Mwenyekiti.

"Sikio langu hili ni bovu. Kaka Mpima, hebu irudie hiyo kanuni yako."

"Alama isiyo ya kisiki, iliyosimama majini mwaka mzima bila jirani kupinga, ni mpaka."

"Awe ameiweka nani?"

"Yeyote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee."

"Iandike hapo chini, basi. Mambo ya ardhi yana tabia ya kugeuka kesho."

"Iandike!" Bwana Kasi alidakia. "Tena kwa herufi kubwa!"

Mpima akaandika juu ya goti.

"Na jirani aweke sahihi, kwamba kanuni ameisikia na ameikubali," alisema Mwenyekiti.

Bwana Kasi alinyakua kalamu, akapiga sahihi ndefu yenye mkia, nusura karatasi ichanike. Akairudisha kwa mbwembwe.

Mwenyekiti aliuchomeka upondo wake matopeni, akauegemea. Hakuwa na haraka.

"Mimi nina kiwanja pia," alianza. "Upande wa pili wa gesti ya Bwana Kasi. Hati yangu ni kama ya Mkunga: kutoka jiwe la barabarani hadi majini. Na majini pale, mbele kabisa ya gesti, kuna kigingi. Kina miaka kumi na moja, na hajawahi kukipinga mtu. Nilikiweka mimi, watu wasinipitie kwenye nyavu."

Akakohoa.

"Nacho hakina kisiki."

Mkwe akaachia mkono wa Mkunga. "Mwenyekiti! Wewe?"

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Yule aliyewafungia maji watu watatu kwa mdomo wake mwenyewe, aliyefukuza mpaka mpwa wake! Mkwe alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na baba yake.

Lakini Mpima hakuwa anamtazama Mwenyekiti. Alikuwa amenyoosha rula hewani, jicho moja amelifumba, anaitazama ile gesti ya ghorofa kule mbali.

"Mstari unapita mapokezi," alinong'ona. "Unakata jiko. Vyumba vinane vya chini vinabaki kwa mzee. Na ngazi."

"Hapana shida," alisema Mwenyekiti. "Wageni wa juu watakuwa wanashukia kwangu."

Simu ya Bwana Kasi ilikuwa bado sikioni, fundi anaita haloo, haloo. Akaikata.

"Futa," alisema.

"Umetia sahihi, bwana."

"Nimesema futa! Huyu mzee mwongo! Pale kisiki kipo! Lazima kipo!"

Unamwona, msomaji? Mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa anaomba kisikosekane kitu ila kisiki, sasa anakililia kisiki kama ndugu yake aliyepotea.

Mpima alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa ameanza kutokwa jasho.

"Kanuni ni moja kwa wote," alisema. "Nitakikagua kile nacho. Kama kisiki kipo, gesti ni salama, na nyumba ya mama inavunjwa kesho kama tulivyosema. Kama hakipo, Bwana Kasi, una njia mbili. Ama uondoe dai lako kwa mama, na mzee naye aondoe lake kwako. Ama tuvunje kote kuwili."

"Twende sasa hivi!"

"Lazima nikachukue ofisini ramani ya upande ule. Saa tisa kamili tukutane kule kwenye gesti."

"Nakwenda na wewe," alisema Bwana Kasi. "Sikuachi hata uende chooni."

Walirudi ufukweni. Gari la Bwana Kasi liliondoka na Mpima ndani, vumbi likabaki linazunguka uani kwa Mkunga.

* * *

Mkunga alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, gauni linatona. Hakuwa na nguvu za kuingia kubadilisha. Nyumba ilikuwa imerudi, karibu kabisa, mkononi. Saa tisa Bwana Kasi atapapasa matope, atakosa kisiki, ataondoa dai. Yeye Mkunga atafungiwa maji, hatavuka tena kwa binti yake, na hilo ni haki yake. Aliapa moyoni, pale pale kwenye ngazi, kwamba mdomo wake hautasema uongo mwingine wa bwawa mpaka afe.

Mwenyekiti alikuja akasimama mbele yake. Mkwe alimpa mgongo.

"Mkunga," alisema, na akageuka kuangalia barabara. "Kipo."

"Nini kipo?"

"Kisiki. Kile cha mbele ya gesti. Kipo, kikubwa kama meza yako ya chakula. Shubiri mbili chini ya maji."

Mkwe aligeuka.

Mkunga alimkodolea macho. "Si umesema..."

"Nimesema. Sijawahi kusimamisha kigingi cha uongo, Mkunga. Hata kimoja. Sasa dunia nzima itajua nimesimamisha." Akamgeukia Mkunga. "Wanangu sita walipita mikononi mwako. Wa nne alitoka hana pumzi, ukampulizia mpaka akalia. Ulitaka nikae kwenye mashua nikuangalie unavyobomolewa?"

Mkunga alijifuta macho kwa gauni bichi, akajipaka matope uso mzima.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita kasoro."

"Na kisiki kiko mbele ya madirisha ya gesti?"

"Madirisha yote."

Kule majini, kigingi cha Mwenyekiti kilionekana kidogo sana, chini ya kivuli cha ghorofa, na kwenye veranda mhudumu mmoja alikuwa anapanga viti.

"Una msumeno?" Mwenyekiti aliuliza.

Mkunga aliinuka. Ile ahadi aliyojiwekea kwenye ngazi haikuwa imemaliza hata robo saa.

"Ninao wa marehemu. Lakini ule ni wa kushikwa na watu wawili."

Mkwe alikuwa ameshaanza kuvua shati.